Upasuaji wa matundu madogo kwa kizazi kilichoshuka: tathmini ya huduma tuliyoipata Bukavu

Huduma ninayoitathmini hapa ni upasuaji wa kurudisha kizazi na kibofu vilivyoshuka, unaofanywa kwa kamera kupitia matundu madogo ya tumboni badala ya kulipasua tumbo wazi. Mama yangu mkubwa alifanyiwa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nami ndiye niliyekuwa naye tangu siku alipomwona daktari kwa mara ya kwanza hadi sasa anapoendelea kurudi kuangaliwa. Jina la hospitali silitaji, kwa kuwa mwenye mwili ameniomba hivyo na mji wetu watu hujuana. Hukumu yangu naitoa mapema: kazi iliyofanyika ndani ya chumba cha upasuaji ilikuwa nzuri sana, na mwanamke ambaye daktari ameona kwamba inamfaa asiiogope. Hata hivyo, namna mgonjwa anavyoelezwa kabla, na namna anavyoachwa baada ya kurudi nyumbani, ina upungufu unaoweza kuiharibu kazi hiyo nzuri.

Mama mkubwa anaishi mtaa wa Cimpunda. Amezaa watoto saba, wa kwanza kwa uchungu uliomshika usiku kucha na mchana wake, na kwa miaka mingi amejipatia riziki kwa kubeba mizigo ya watu kutoka Beach Muhanzi, bandari ndogo ya ziwani, kupanda soko la Kadutu. Anayeijua Bukavu anawajua akina mama hao: gunia la makaa au la mihogo liko mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso, shingo imekaza, mwili umeinama mbele, na njia yote ni mlima. Mama mkubwa ana alama ya kamba hiyo kwenye paji la uso mpaka leo, mfereji mdogo ambao hata akijipaka mafuta hauondoki. Daktari alitueleza kwamba chanzo kikubwa cha kizazi kushuka ni kuzaa, hasa kwa uchungu mrefu au mtoto mkubwa, kwa sababu misuli na mishipa inayoshikilia viungo vya nyonga hunyooshwa na kuchanika. Kisha umri, kukoma kwa hedhi, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu na mizigo mizito huongeza shinikizo juu ya kile kilichokwisha kudhoofika. Kitenge cha kumbebea mtoto kikilegea, mtoto huteremka mgongoni hata kama yeye mwenyewe hana kosa. Ndivyo viungo hivyo vinavyoteremka.

Dalili zake alizificha kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Asubuhi akiamka alikuwa nafuu, jioni akirudi kutoka sokoni alihisi kitu kimetoka na kumkalia kati ya mapaja, na mara nyingi hakuweza kukojoa mpaka akirudishe ndani kwa vidole. Alikuwa akifunga vitambaa, akivifua usiku na kuvianika ndani ya chumba ili watoto wa jirani wasivione. Hayo yote niliyasikia siku alipomweleza daktari, kwa sauti ya chini, akiwa ameangalia ukuta.

Kuna sababu moja ya ukimya huo ambayo mtu wa mbali haioni upesi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kote kwa kuwatibu wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono na wale wenye fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au choo kupitia ukeni, zaidi tangu yeye na Nadia Murad walipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Sifa hiyo wameistahili, na ni huko pia ambako daktari mpasuaji Guy-Bernard Cadière wa Brussels amefanya kazi bega kwa bega na Mukwege, akiutumia upasuaji wa kamera kurekebisha majeraha ya nyonga. Lakini katika mitaa yetu imezuka dhana kwamba kila mwanamke anayetibiwa sehemu hizo amebakwa. Mama mkubwa aliogopa maneno ya majirani kuliko alivyouogopa wembe. Naandika haya kwa sehemu kubwa kwa ajili ya wanawake wenye hofu kama yake: kizazi kushuka ni ugonjwa wa kawaida wa wanawake waliozaa. Wengi wao wakipimwa hukutwa na dalili za kiasi fulani, hata kama hawasumbuliki.

Nije kwenye huduma yenyewe, nianze na kumwona daktari, maana hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Foleni ilikuwa ndefu na benchi lilikuwa moja, lakini tulipoingia hatukuharakishwa. Daktari alimwita "Mama", akamwuliza kazi anayofanya kabla ya kumwuliza ugonjwa, akampima akiwa amelala na kisha akiwa amesimama, akimwambia akohoe na asukume kama anayejifungua. Alitumia kijiti chenye alama za sentimita kupima kila ukuta ulivyoteremka, wa mbele wenye kibofu, wa nyuma wenye puru, na mlango wa kizazi katikati, akayaandika yote. Aliona ni daraja la tatu kati ya manne, yaani kiungo kimetoka zaidi ya sentimita moja nje ya mlango wa uke. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye nilielewa thamani yake: alikirudisha kizazi ndani kwa mkono, kibofu kikiwa kimejaa, akamwambia mama akohoe tena. Kizazi kilichoshuka kinaweza kuukunja mrija wa mkojo na kuficha udhaifu wake. Kikipandishwa, mwanamke ambaye hakuwa akivuja huanza kuvuja kila akicheka au akikohoa. Mpasuaji anayejua hilo mapema humwandaa mgonjwa, na asiyejua humwacha ashangae nyumbani.

Vipimo vingine vilikuwa vya kawaida: damu, mkojo, ekografia (picha ya mawimbi ya sauti) ya kizazi na ya figo, kwa kuwa kizazi kikishuka sana kinaweza kuibana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Mlango wa kizazi ulipimwa kwa siki ili kutafuta dalili za saratani, na nisingependa mtu yeyote aruke kipimo hiki, hasa kama kizazi kitabakishwa mwilini.

Tulielezwa njia zote, siyo ile moja tu wanayoipenda wao. Mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga husaidia pale ambapo kiungo hakijashuka sana. Pesari, pete ya silikoni inayowekwa ukeni kushikilia viungo, inamfaa mwanamke asiyetaka au asiyeweza kupasuliwa, mradi itolewe na kusafishwa kwa utaratibu. Mama mkubwa aliijaribu na ikawa inamtoka kila akichutama. Upasuaji kupitia ukeni hauhitaji tundu lolote tumboni, unachukua muda mfupi zaidi, gharama yake ni ndogo, na kwa mama mwenye moyo au mapafu dhaifu unaweza kufanywa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Ule wa kamera unaofunga viungo kwenye mfupa huchukua saa nyingi zaidi na unataka usingizi kamili, lakini katika kuzuia sehemu ya juu ya uke isishuke tena umeonyesha matokeo bora kuliko ule wa ukeni. Kwa kuwa mama alikuwa na moyo mzima, mapafu mazima, sehemu ya juu imeshuka vibaya, na maisha ambayo hayatakosa bidoni (dumu) la maji hata akiacha kazi ya mizigo, daktari alipendekeza njia ya kamera. Alieleza sababu, akampa nafasi ya kurudi nyumbani kufikiri na kuzungumza na mume wake. Katika mji ambamo wagonjwa wengi huambiwa tu "njoo kesho bila kula", hilo si jambo dogo.

Wavu ndio uliotutia wasiwasi, na hapa naanza kulalamika. Katika upasuaji huu wavu mwembamba wa polipropilini, aina ya plastiki, hushonwa kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke, kisha ncha yake ya pili hufungwa kwenye utando mgumu ulio mbele ya mfupa wa sakramu, chini ya uti wa mgongo, hivi kwamba kizazi kinabaki kimening'inia mahali pake. Juu yake hushonwa utando wa ndani wa tumbo ili utumbo usigusane na wavu. Njia hii ilianza kufanywa kwa kamera nchini Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kabla ya hapo ilifanywa kwa kupasua tumbo. Habari zinazozunguka kwenye simu, kwamba nyavu zimepigwa marufuku Ulaya na Marekani, zina ukweli nusu. Kilichosimamishwa Uingereza mwaka 2018, na kilichoondolewa sokoni Marekani mwezi wa Aprili 2019 kwa amri ya mamlaka ya chakula na dawa, upande wa kizazi kushuka, ni nyavu zinazoingizwa kupitia ukeni. Amri ile ya Marekani haikuzigusa zinazowekwa kupitia tumboni. Hata hizi za tumboni hazikosi hatari: kwa wanawake wachache kati ya kila mia wavu hutokeza kwenye ukuta wa uke, wakati mwingine miaka mingi baadaye, na hulazimu kupasuliwa tena. Pia kuna hatari ya kujeruhi kibofu, utumbo au mishipa ya damu, na choo kinaweza kuwa kigumu kuliko zamani.

Maelezo hayo yote tulistahili kuyapata mapema, tukiwa na akili tulivu. Tuliyapata jioni iliyotangulia upasuaji, kwenye karatasi ya kutia saini iliyoandikwa kwa Kifaransa tupu, ikiwa imeletwa na kijana aliyekuwa na haraka. Mama mkubwa hasomi Kifaransa. Nilimsomea mimi, mstari kwa mstari, nikiyaweka kwa Kiswahili na mahali pengine kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, na nilipofika kwenye neno la wavu kutokeza aliniambia, "Mwanangu, mbona hili hawakulisema?" Nilimwita daktari, naye akaja, akaketi kitandani, akaeleza kwa uvumilivu. Lakini je, mama aliyelala kitanda cha jirani, ambaye hakuwa na mtu wa kumsomea? Hospitali inayoweza kununua kamera inaweza kuandika kurasa mbili za Kiswahili, na ningependa iziandike.

Asubuhi ya upasuaji nilimwuliza muuguzi mkuu swali ambalo kila mtu wa Bukavu angeuliza: umeme wa mji ukikatika kamera ikiwa tumboni, itakuwaje? Hakukasirika. Alinichukua hadi nyuma ya jengo akanionyesha jenereta, na pipa la mafuta lililojaa, kisha akanieleza kwamba mashine za ndani zimeunganishwa na betri zinazoshikilia mpaka jenereta iwake. Akaongeza kwamba sinia ya vyombo vya kupasua tumbo wazi huwa tayari chumbani kila mara, kwa sababu damu ikitoka kwa wingi au viungo vikiwa vimegandamana, mpasuaji hulazimika kuacha matundu na kufungua tumbo. Jibu la namna hiyo linatuliza kuliko ahadi kwamba hakuna litakalotokea. Nashauri kila familia iulize swali hilo, na isimkubali mtu atakayelikwepa.

Yaliyofanyika ndani nayajua kwa maelezo ya daktari na kwa alama alizobaki nazo mama. Alilazwa usingizi kamili akiwekewa mpira wa kupumulia, tumbo likajazwa hewa ya kaboni ili kupatikane nafasi ya kuona, na kitanda kikainamishwa kichwa chini ili utumbo uteremke upande wa kifua na kuiacha nyonga wazi. Tundu la kitovuni, la kamera, ni la sentimita moja hivi. Mengine matatu ni madogo zaidi, chini na pembeni. Kizazi chake kilibakishwa, naye ndivyo alivyotaka. Tulisubiri nje asubuhi nzima, na hakuna aliyetoka kutuambia neno mpaka kazi ilipokwisha. Hata sentensi moja katikati ingetosha.

Nafuu yake ilinishangaza, maana nilikuwa nimemwuguza dada yangu baada ya kupasuliwa tumbo kwa ajili ya kujifungua, nikajua mateso ya kushuka kitandani. Mama mkubwa alisimama siku iliyofuata. Maumivu makubwa hayakuwa tumboni, yalikuwa begani, naye akadhani amelazwa vibaya. Muuguzi alimweleza kwamba mabaki ya hewa husumbua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni pamoja na ule wa bega, kwa hiyo maumivu ya huku husikika kule na huisha yenyewe. Mpira wa mkojo ulitolewa, akaambiwa akojoe, kisha wakapima kiasi kilichobaki kwenye kibofu kabla ya kumwachia. Wauguzi wa zamu ya usiku nawasifu bila kipimo. Walipita na tochi, waliuliza maumivu, walitoa dawa kwa wakati, na hawakumfokea mtu.

Siwezi kuwasifu kwa habari ya faragha. Wodi ile ina vitanda vingi na pazia ni chache, na daktari alipopita asubuhi na wanafunzi wake, mama alifunuliwa mbele ya vijana ambao hawakumsalimu wala kumwomba ruhusa. Mwanamke aliyekificha kitu hiki kwa miaka, ambaye hata mimi hakuniambia, hapaswi kufunuliwa hivyo. Nililisema palepale, na siku iliyofuata pazia lilipatikana; basi lilikuwepo.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Bei ya upasuaji tuliyoambiwa mwanzoni haikuwa na wavu, nyuzi, wala dawa za usingizi, ambavyo viliandikwa kwenye faktura nyingine, kwa dola, na wavu peke yake ndio uliokuwa mstari mkubwa kuliko yote. Mituweli ya afya, yaani mfuko wa bima tunaouchangia, ilikataa kuulipia ikisema haumo kwenye orodha yake. Anayekwenda aombe hesabu kamili kwa maandishi kabla ya kulazwa, na aiulize mituweli yake kuhusu wavu kwa jina.

Linaloniuma zaidi ni yale yanayofuata baada ya kutoka. Mama aliruhusiwa kabla ya wiki kwisha akiwa na karatasi ya dawa na agizo la mdomo: asibebe kitu kizito, asikutane na mume kwa wiki sita, asiache choo kiwe kigumu, na kazi ya mizigo aiache moja kwa moja. Maagizo ni sahihi. Lakini bidoni la maji lililojaa lina lita 20, ambazo ni kilo 20, na bomba tunalochotea liko chini ya kilima. Aliyetoa agizo hakuuliza nani atachota, nani atasonga bugali kwa sufuria la watu tisa, wala mwanamke aliyekuwa akila kwa gunia analolibeba atakula nini akiambiwa asilibebe tena. Tuligawana kazi sisi watoto wa ukoo, wapwa wakachota maji, na shangazi wa upande wa pili akampa mtaji kidogo wa kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mboga akiwa amekaa. Tulikuwa wengi, ndiyo maana iliwezekana. Nimemwona mwanamke mwingine wa wodi ileile, aliyepasuliwa siku chache kabla yake, akipanda barabara ya Kadutu na kamba kwenye paji la uso hata wiki sita hazijatimia. Sikumlaumu. Huduma hii ingehitaji mtu mmoja tu, msaidizi wa jamii, ambaye kazi yake iwe kuzungumza na mume na watoto wa mgonjwa kabla hajaruhusiwa, na kumtafutia nafasi katika kikundi cha akiba. Bila hiyo, mishono mizuri inakabidhiwa kilima.

Mtaalamu wa mazoezi naye alikuja mara moja tu. Alimfundisha mama kukaza misuli kama anayezuia mkojo, kushikilia huku akihesabu, kulegeza, na kurudia asubuhi na jioni. Alimfundisha pia kukaza kabla ya kukohoa na kabla ya kuinuka kutoka chini. Ni mazoezi yasiyo na gharama. Ningependa yangefundishwa tangu kliniki ya wajawazito, siyo kwa mwanamke aliyekwisha kupasuliwa.

Mama alivuja mkojo kidogo wiki za mwanzo, jambo ambalo daktari alikuwa ametuonya kwa sababu ya kile kipimo cha kukohoa, kisha likapungua. Katika kuangaliwa mara ya mwisho daktari aliukuta wavu mahali pake, hakuna uzi uliotokeza, na kuta zote mbili zimesimama. Atarudi kila mwaka. Akiona damu, uchafu wenye harufu au maumivu mapya ya mgongo na homa, arudi mara moja bila kungoja siku yake, kwa sababu hizo zinaweza kuwa dalili za wavu kutokeza au za maambukizo kwenye mfupa.

Kwa mwanamke wa Bukavu, Kabare au Walungu ambaye sehemu ya juu imeshuka sana, ambaye pesari haikumkaa, na ambaye moyo na mapafu yake yanavumilia usingizi, naipendekeza huduma hii. Aliye na hali nyepesi, au ambaye tatizo lake ni ukuta wa mbele au wa nyuma tu, amwulize daktari kwanza habari za mazoezi, pesari na upasuaji wa ukeni, maana anaweza kupona kwa gharama ndogo na bila wavu. Kliniki huwa imejaa mwanzo wa wiki. Katikati ya wiki daktari ana muda wa kuzungumza. Aende na mtu anayesoma Kifaransa, na kama mume yupo, waende pamoja, ili agizo la kutobeba alisikie mwenyewe kutoka kinywani mwa daktari.